Bibi Harusi wa Bwawani

Shangazi aliingia duka la dawa bila hodi, akaipita foleni ya wateja, akafungua kijilango cha kaunta kama mtu anayeingia jikoni kwake, akaenda kukaa kwenye kiti cha plastiki kando ya friji. Mkoba wake alikuwa ameukumbatia kifuani.

"Shikamoo, Shangazi. Mbona umerudi mapema? Si ulisema unazunguka kidogo uione mitaa?"

"Marahaba. Nimeshaiona. Maliza na wagonjwa wako. Ninalo jambo, na halisemeki mbele za watu."

Kusikia hivyo, foleni nzima ikanyamaza ili isikie vizuri.

Mwenye duka alikuwa mfamasia, lakini mtaa mzima ulimwita Dokta, na alikuwa amechoka kuwasahihisha. Alimalizana na wateja wake mmoja mmoja. Alimweleza mzee wa mwisho, kwa mara nyingine tena, kwamba kidonge humezwa baada ya chakula, si badala ya chakula. Mzee alipoondoka, alimgeukia Shangazi.

Huyu ndiye aliyemlea tangu utotoni. Alikuwa amefika asubuhi hiyo kutoka upande wa pili wa mji, kwa sababu Jumamosi wazee wa mchumba wa Dokta walikuwa wanakuja kuposa. Mchumba mwenyewe Shangazi hakuwahi kuonana naye. Alimjua kwa picha ya kwenye simu tu.

"Nimemwona kijana wako," Shangazi alisema.

"Wapi?"

"Pale langoni mwa bustani. Nilikuwa nimekaa kwenye ukuta nipumzishe magoti. Akapita, nikamtambua kwa ile picha, kisha akanipa mgongo, anaongea na simu kwa sauti kama anapiga mnada. Nakwambia kama nilivyosikia, sitii chumvi. Alisema, 'Bibi harusi nimeshamtoa. Simtaki tena.'"

Mkono wa Dokta uliokuwa unarudisha vidonge rafuni ukabaki hewani.

"Nikasema masikio yangu yamezeeka. Nikajisogeza. Akaendelea, 'Hapana, bado hawajui. Nikiwaambia sasa watapiga kelele tu. Wataumia kidogo, kisha watazoea.' Unasikia? Halafu akasema, 'Amechakaa, kumtunza ni mzigo. Nimeshapata mwingine, mdogo, wa kisasa, hata nafasi hachukui.'"

Dokta alishika ukingo wa kaunta. Akilini alimwona Mbunifu, mchumba wake, kama alivyosimama hapo hapo jana, akijifanya amekuja kununua plasta. Miezi yote waliyojuana alikuwa akinunua plasta, na hakuwahi kuwa na jeraha hata la kalamu. Alikuwa akisubiri duka litulie, kisha anamtazama mpaka Dokta anakosea kuhesabu vidonge. Mtu wa macho yale angewezaje kusema maneno haya?

"Tena akamtukana," Shangazi alisema. "Ati ana nyufa mpaka kiunoni."

Dokta aliinua kichwa. "Amesema nyufa?"

"Nyufa. Nikajiuliza, huyu mtoto ana nyufa gani, mimi niliyemwogesha kwa mikono yangu?"

"Shangazi, huyo si mimi. Ni sanamu. Kuna sanamu ya mwanamke katikati ya bwawa la bustani, amevaa shela, amebeba mtungi. Watu wa hapa wanamwita Bibi Harusi. Mbunifu ndiye anayechora upya bustani nzima kwa niaba ya manispaa."

Shangazi alimtazama, akatazama dari, kisha akaanza kucheka huku anajipepea kwa mkoba. "Jiwe? Nimekuja mbio mpaka nusura moyo usimame, kumbe ni jiwe? Nipe maji, mwanangu. Na huyo kijana mwambie ajifunze kunong'ona."

Lakini Dokta hakuwa anacheka. Alikuwa anavua koti lake jeupe.

"Unakwenda wapi?"

"Kumtoa roho."

"Si umesema ni jiwe?"

"Afadhali angekuwa ameniacha mimi."

Na alimaanisha. Tangu mwaka jana manispaa ilipotangaza kuifufua bustani ile kongwe kwa kuwashirikisha wakazi, wakazi wenyewe waligoma kwenda mikutanoni. Waliwahi kuulizwa zamani. Walisema wanataka kivuli na maji ya kunywa, wakajengewa maegesho ya magari. Dokta ndiye aliyewarudisha. Aliwabembeleza juu ya kaunta, mmoja baada ya mwingine, kila dawa na maneno yake. Walimchagua kuwa katibu wa kamati ya bustani. Na kila aliyemwuliza, alimjibu kwa kinywa chake kwamba safari hii hakitaondolewa kitu kabla wao hawajaulizwa. Alisema hivyo kwa sababu Mbunifu alikuwa amemwambia hivyo, wakiwa wamekaa kwenye ukingo wa bwawa, jioni ile ile aliyomshika mkono kwa mara ya kwanza.

Mkutano wa mwisho ulikuwa alasiri ya leo.

Alimkuta Mbunifu bwawani, amepiga magoti, anachora alama za chaki kwenye sakafu kavu. Maji yalikuwa yameacha kutoka mtungini miaka mingi iliyopita. Mbunifu alipomwona alisimama, na tabasamu lake likaanza upande mmoja wa mdomo kama kawaida yake, likisubiri ruhusa ya kufika upande wa pili. Dokta alihisi moyo wake unalainika, na jambo hilo likamkera zaidi.

"Katibu wangu," Mbunifu alisema. "Umefunga duka mchana?"

"Kwenye mchoro wa leo, Bibi Harusi yuko wapi?"

Tabasamu likafia njiani. "Nani amekwambia?"

"Kwa hiyo ni kweli."

"Nimeuliza nani amekwambia."

"Shangazi yangu. Aliyekuwa amekaa ukutani wakati unamwambia mwenzako kwamba bibi harusi amechakaa na umepata mwingine mdogo."

Ilimchukua muda kuelewa. Kisha akajifunika uso kwa mikono yenye chaki. "Shangazi yako alidhani ni wewe?"

"Alidhani nini tena?"

"Nilikuwa naongea na fundi mwashi." Mabega yake yakaanza kutikisika kwa kicheko. Alipoondoa mikono usoni na kuona anavyotazamwa, kicheko kikakatika chenyewe. "Sawa. Haichekeshi."

"Inachekesha sana. Endelea kunichekesha. Niambie kwa nini umemtoa."

"Njoo uone." Alimwonyesha mahali shela la jiwe lilipokutana na kiuno. Ufa ulikuwa mpana kiasi cha kuingiza kidole, tena unazunguka mpaka mgongoni. "Chuma cha ndani kimeoza. Siku mtoto akipanda hapa kucheza, ataangukiwa. Kumtengeneza kunawezekana, lakini kutakula fedha zote za mabomba na taa. Mahali pake nimechora bomba dogo la maji ya kunywa. Hiyo ndiyo sababu."

"Ni sababu nzuri."

"Asante."

"Sasa kwa nini sikuisikia mkutanoni?"

"Mkutanoni?" Mbunifu alitupa chaki chini. "Mkutano upi? Ule ambao nikisema nyufa, mama wa ghorofani anauliza choo kitakuwa upande gani? Nikimjibu habari ya choo, Mwenyekiti anasimama kusoma historia ya bustani tangu mche wa kwanza? Mwezi uliopita nilileta benchi. Benchi tu. Tulibishana mpaka jua likazama kama liwe na mgongo au lisiwe na mgongo, na mwisho wakaamua tuendelee kutafakari. Nimechoka. Nimechoka mpaka usingizini naota watu wananyoosha mikono."

"Na mimi sijachoka? Unadhani nani anawasikiliza ukishaondoka? Wanakuja dukani. Mtu anashika sindano mkononi ananiuliza habari ya benchi."

"Basi unanielewa."

"Nakuelewa. Mimi nimechoka na sikudanganya mtu."

"Sijadanganya. Nilikuwa bado sijasema."

"Ulikuwa utasema lini?"

Mbunifu aliinama kuiokota chaki yake. Alikuwa mwanamume asiyejua kuficha, na hilo ndilo Dokta alilompendea.

"Akishabebwa," Dokta akamjibia.

"Nilikuogopa wewe," Mbunifu alisema kwa sauti ya chini. "Si wao. Kila ukipita hapa unamgusa huyu mguuni. Hujui kama unafanya hivyo, lakini mimi naona. Tangu siku ya kwanza naona. Nilishindwa nianzie wapi kukwambia."

Dokta alitazama pembeni. Angemtazama usoni wakati ule, ugomvi ungekwisha, na hakutaka uishe kwa njia hiyo.

"Ulisema watazoea," alisema.

"Nini?"

"Kwenye simu. 'Wataumia kidogo, kisha watazoea.' Shangazi hatii chumvi. Hilo neno ndilo linalonikata maini, wala si sanamu. Kesho utapewa kazi mji mwingine. Utafunga mizigo kwanza, kisha umwambie mtu kwenye simu kwamba 'mke wangu atazoea.' Mama yako akija kukaa nasi, nitazoea. Watoto wasome wapi, nitazoea. Na utakuwa na sababu nzuri kila mara, kwa sababu una akili. Mimi nitakuwa naletewa habari na watu waliokaa ukutani."

"Unanionea."

"Labda."

"Kumtoa jiwe na kumhamisha mke ni mambo mawili."

"Mkono uliofanya ni mmoja."

Mbunifu alitoa simu mfukoni. "Basi. Nampigia fundi sasa hivi. Anabaki. Taa zife, mabomba yafe, Bibi Harusi anabaki. Umeridhika?"

"Anabaki kwa nini?"

"Kwa sababu unataka wewe."

"Mungu anipe subira na huyu mtu," Dokta alisema, akiielekeza kauli hiyo kwa sanamu. "Umemwondoa bila kuwauliza kwa sababu unaniogopa. Sasa unamrudisha bila kuwauliza kwa sababu unanipenda. Wenyewe wameingia wapi hapo?"

"Nikimtoa ni kosa, nikimrudisha ni kosa. Sema unachotaka nifanye, nifanye."

"Leo alasiri uwaambie ulichofanya. Kisha uwaulize. Kisha unyamaze."

"Na Jumamosi?" Sauti ilimbadilika. "Baba ameshanunua viatu. Mama tangu juzi anajifunza maneno ya kusema."

"Sijui kuhusu Jumamosi," Dokta alisema, akaondoka haraka kabla hajauona uso wake.

Dukani Shangazi alikuwa amekwisha kuwauzia watu wawili dawa ya kikohozi na kumfukuza wa tatu. "Mmepatana?"

"Hapana."

"Unavunja posa kwa ajili ya jiwe."

"Sijavunja kitu."

"Viti vimeshaazimwa. Baba yako mdogo ameshaomba ruhusa kazini, na unajua anavyoombaga ruhusa, kama anaomba figo. Kijana hanywi, hana makeke, ana kazi, ana meno yote. Wewe unatafuta nini tena?"

"Mtu anayeuliza."

"Aulize nini?"

"Chochote, Shangazi. Kabla hajaamua."

Shangazi alipanga upya chupa ambazo zilikuwa zimepangika vizuri. "Marehemu mume wangu alininunulia nyumba," alisema baadaye. "Akaniletea funguo. Majirani wote wakanionea wivu."

"Uliipenda?"

"Niliichukia kila siku. Jiko lilitazama ukuta."

"Ulimwambia?"

"Hakuuliza." Alichukua mkoba wake. "Huo mkutano wenu unaanza saa ngapi?"

Watu walikuja wengi kuliko siku zote, kwa sababu safari hii mkutano ulifanyika bustanini penyewe na haukuwa na gharama ya kupanda ngazi. Mwenyekiti, mwalimu mkuu mstaafu, aliwashukuru waliofika, akawashukuru walioshindwa kufika, akaanza kuwashukuru waliowahi kufika, ndipo Dokta akakohoa kumkatiza. Mama wa ghorofani aliuliza choo kitakuwa upande gani. Aliambiwa. Akasema basi asije akasikia kimehamishwa.

Kisha Mbunifu alisimama. Hakumtazama Dokta.

"Kabla ya mambo mengine," alisema, "nimemtoa Bibi Harusi kwenye mpango. Nilimtoa wiki iliyopita, na sikumwuliza mtu. Katibu wenu hakujua. Msimlaumu, amejua leo, na ameshanishughulikia."

Kelele zilizozuka ziliwaamsha njiwa wa bustani nzima. Mwenyekiti alisema amesalitiwa yeye na historia. Mtu mmoja alisema alijua tu, na mwingine akamwuliza kama alijua mbona hakusema. Mbunifu alisubiri. Waliponyamaza aliwaonyesha ufa, akawaeleza habari ya chuma kilichooza, mabomba na taa, bila kupamba neno. "Maoni yangu aondoke," alimaliza. "Lakini bustani ni yenu, na nilipaswa kuanza na kuwauliza. Sasa nauliza."

Akakaa chini, akanyamaza.

Dokta alisimama na kalamu yake. Alikuwa na hakika ya jibu. Aligeukia umati akisubiri waseme.

Mpiga picha wa bustani ndiye aliyeanza. "Mimi kusema kweli, simpendi."

"Humpendi?" Dokta aliuliza, akisahau kwamba katibu haulizi.

"Maharusi hawataki kupiga picha naye. Wanasema amenuna. Kila mara nazunguka na kamera kutafuta pembe ambayo haonekani."

"Mimi mtoto wangu anamwogopa," alisema mama wa ghorofani.

"Anafuga mbu mtungini," alisema mwingine.

"Mnasema nini nyinyi?" Dokta alisema. "Mlimtaja kila mkutano."

"Wewe ndiye uliyemtaja, Dokta," mpiga picha alisema kwa upole. "Sisi tulikuwa tunaitikia. Mtu anakuandalia dawa, utambishia?"

Kulikuwa na utaratibu ambao Dokta mwenyewe aliubuni, baada ya kugundua kwamba katika kunyoosha mikono wako wanaonyoosha miwili. Kila mtu alipaswa kwenda kusimama kwenye kile anachokichagua. Mwenyekiti akatangaza: wanaotaka Bibi Harusi abaki, wasimame bwawani. Wanaotaka aondoke, bomba liwekwe, wasimame upande wa lango.

Dokta alikwenda bwawani. Mwenyekiti alimfuata na makabrasha yake ya historia. Wazee wawili wakaja wakishikana mikono. Basi. Watu wengine wote wakamiminika upande wa lango, wengine wakimpungia mkono wa pole kama wanaomsindikiza msafiri. Alitazama uwanja uliobaki mtupu mbele yake, akahisi uso unawaka.

Ndipo akamwona Shangazi anakuja, taratibu kwa sababu ya magoti, akakanyaga ukingo wa bwawa na kusimama kando yake.

"Mama, samahani," Mwenyekiti alisema, "wewe si mkazi wa hapa."

"Nimesimama tu. Au kusimama nako kuna mkutano wake?"

Mbunifu alikuwa amebaki katikati peke yake. Alimtazama Dokta kwa macho yale ya dukani, na mguu wake ukaanza kuja upande wa bwawa.

"Usithubutu," Dokta alisema kwa sauti iliyosikika na wote. "Hiyo siyo sehemu yako. Ukija hapa nakusukumia ndani."

"Bwawa halina maji."

"Ndiyo maana."

Watu wakacheka. Mbunifu alisimama akiwa ameshika kiuno, akatazama ule ufa, akamtazama tena Dokta, muda mrefu. Kila mtu aliona inavyomgharimu. Kisha akageuka, akatembea mpaka langoni, akasimama na wengine, mahali alipoamini.

Hakutabasamu. Alikuwa ameshinda, na alikuwa na sura ya mtu aliyefiwa.

Mwenyekiti alihesabu bila sababu ya kuhesabu, akatangaza. Waliafikiana Bibi Harusi ashushwe kwa mikono, wakazi wakiwepo, na alazwe kwenye chumba cha zamani cha mlinzi, mlango ukiwa wazi ili anayempenda aweze kumwona. Dokta aliandika yote hayo kwa mwandiko mzuri, maana kazi ni kazi. Kalamu ilitoboa karatasi mahali pamoja tu.

"Wamekuangusha, mwanangu," Shangazi alinong'ona.

"Wameulizwa, Shangazi. Wakajibu. Wana vichwa vigumu kama nini, lakini wameulizwa."

"Na huyo wa langoni?"

Dokta aliinua macho. Watu walikuwa wanatawanyika, wakimpita Mbunifu huku na huku, naye hajasogea. Hakuwa anaomba kitu. Alikuwa anasubiri tu, upande wake.

"Wewe," Dokta alimwita, bwawa kavu likiwa katikati yao. "Jumamosi wazee wako nawataka wawahi. Baba mdogo ruhusa yake inaishia adhuhuri."

Ilikuwa mara ya kwanza siku hiyo tabasamu kufika upande wa pili wa mdomo wake. "Wawahi saa ngapi?"

"Njoo dukani uniulize," alisema Dokta, akainua viti viwili kuvirudisha, kimoja akampa Mwenyekiti aliyekuwa bado anazungumza. "Na plasta zimekwisha. Tafuta sababu nyingine."